Mtani: hili neno limetoka wapi, na kwa nini msibani ni yeye peke yake anayeruhusiwa kusema ukweli?

Mwana_Kisarawe (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Juzi tumemzika mjomba wangu huku Kisarawe. Sisi ni Wazaramo, na watani zetu wakubwa ni Wanyamwezi, jambo ambalo watoto wangu waliozaliwa Tabata hawakuwa wanalijua. Tumefika kaburini, mwili uko kwenye jeneza, watu wameinamisha vichwa, mara bibi mmoja wa Kinyamwezi, mtu wa miaka sabini na kitu, akatoka kwenye kundi la wanawake amevaa koti la marehemu na kofia yake. Akaanza kutembea kama yeye, ule mguu wa kushoto unaoburuta kidogo. Mtu ambaye hakuwahi kumwona mjomba akitembea angeshangaa, ila sisi tulimwona kafufuka.

Ameshika daftari la shule. Akalifungua, akasoma kwa sauti ya mjomba: "Kiwanja cha Maneromango. Mnunuzi wa kwanza, kalipa. Mnunuzi wa pili, naye kalipa. Mwenye kiwanja, nimekufa. Kazi kwenu."

Wakuu, kaburi zima lilicheka. Shangazi aliyekuwa amezimia aliamka akacheka, akakumbuka, akalia tena. Na habari ile ni ya kweli! Mjomba aliuza kiwanja kimoja mara mbili, kila mtu mtaani anajua, miaka minne hakuna aliyethubutu kulitamka mbele ya familia. Sheikh mwenyewe alitazama pembeni, nikaona mabega yanacheza.

Halafu yule bibi akashuka mwanandani, akaketi. Akasema pamekaa vizuri, pana ubaridi, hatoki mpaka tumlipe. Tukachanga elfu kumi na tano na kuku mmoja wa ahadi ndipo akatoka.

Kijana wangu wa kidato cha pili akaninong'oneza: "Baba, huyu mchekeshaji mmemlipa shilingi ngapi kuja?" Nikamwambia huyu si mchekeshaji, ni mtani. "Mtani maana yake nini? Neno limetoka wapi?" Nikakwama. Nimekwama mpaka leo. Wataalamu wa lugha na wazee wa humu, karibuni.

Pilipili_Hoho
Nimeweka kigoda. Uzi huu usiguswe na watu wa mpira.

Ndizi_Mzuzu
Mkuu pole na msiba. Ila nimecheka "mwenye kiwanja, nimekufa" mpaka abiria mwenzangu kwenye daladala kanihama siti.

Kalamu_Nyekundu
Pole sana mkuu. Jibu ni rahisi: mtani linatokana na *kutana*. Watani ni watu waliokutana, vitani au njiani, wakapatana. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha hivyo.

Fundi_Sarufi
Kalamu, huyo mwalimu wako alikuwa anatania.

Kutana ni *kuta* ukaongeza *-na* ya kutendana, kama pigana, pendana. Mzizi ni *kut-*. Ile *ku-* ya mwanzo si kiambishi cha kitenzi-jina, ni sehemu ya neno lenyewe, ndiyo maana tunasema "tulikutana" na wala si "tulitana". Na jina lake tunalo tayari: *mkutano*. Kwa hiyo kama mtani angetoka huko, tungekuwa tunasema *mkutani*, na watani wangekuwa *wakutani*. Umewahi kusikia Mngoni akimwita Mhehe "mkutani wangu"?

Tazama pia upande wa kitenzi. Tunasema *kutania*. Watu wengi wanadhani kitenzi kilitangulia, mtani akazaliwa baadaye. Kingekuwa kimetangulia, mtendaji wake angekuwa *mtaniaji*. Mimi naona ni kinyume: jina lilikuwepo kwanza, ndipo kitenzi kikatengenezwa kutoka kwenye jina, kama *hotuba* ilivyozaa *hutubia*. Maana yake ni kwamba mtani alikuwa mtu wa aina fulani kabla hajawa mtu anayefanya kitendo fulani. Alikuwa nani kwako kabla ya kuwa na la kukuambia. Hilo lishikeni, litatusaidia mbele.

Kalamu_Nyekundu
Nimekubali kipigo. Wakutani, loh.

Mswahili_Maskati
Salamu kutoka Maskati. Babu yangu alizaliwa Unguja, mimi nimekulia huku, Kiswahili nimenyonya nyumbani, kwa hiyo mnisamehe nikiteleza.

Huku neno *watani* naliona kila siku ya Mungu, limeandikwa kwenye mabango ya mabenki. Kiarabu *watan* ni nchi ya mtu, kwao alikozaliwa, na *watani* ni kitu cha nchi hiyo, cha taifa. Nadhani mabaharia na wafanyabiashara walilishusha pwani kwa maana ya "mtu wa kwetu", Waswahili wakaisikia ile *wa-* ya mbele wakadhani ni wingi, kama *watu, watoto*. Wakalikata: mmoja mtani, wengi watani. Si ajabu. Kitabu nacho ni Kiarabu, na mmelifanyia wingi *vitabu* kana kwamba lilizaliwa Bagamoyo.

Ndizi_Mzuzu
Hata *madigadi* ya gari! Mzungu kasema *mudguard*, kinga ya matope, fundi wa Gerezani akasikia *ma-*, leo ukinunua moja unaambiwa "digadi". Na ile kona ya barabarani, kipilefti, wingi vipilefti. Sisi kwa kukata maneno hatujambo.

Fundi_Sarufi
Mswahili wa Maskati, hoja yako ni nzuri kuliko ya mkutano, na nimeisikia kwa watu wazito. Lakini nina mashaka mawili.

La kwanza, tumepokea maneno mengi ya Kiarabu yanayoanza na *wa-*, tena ya watu, na hatukuyakata. *Waziri* hakuwa mziri, wingi wake ni mawaziri. *Wakili* hakuwa mkili, ni mawakili. Yale ya vitu tuliyafanyia ujanja mwingine: *wakati* ikawa nyakati, *waraka* ikawa nyaraka, *wadhifa* ikawa nyadhifa. Sasa mtani ana nini cha pekee hata yeye ndiye akatwe? Inawezekana, lugha haina hakimu, ila unanidai ushahidi.

La pili ni maana. Watan ni nchi moja. Watani wetu tunaowajua si wa nchi moja wala kabila moja. Mzaramo na Mnyamwezi wametenganishwa na nusu ya Tanzania.

Mswahili_Maskati
La kwanza nakupa. La pili silikubali haraka. Kamusi za zamani za wamisionari zinamweleza mtani kuwa ni mtu wa kabila au ukoo ulio na udugu na wako. Hazianzii kwenye kucheka, zinaanzia kwenye udugu. Kama maana ya kwanza ilikuwa "huyu ni wetu, si mgeni", basi mzaha ulikuja baadaye kama tunda la udugu huo. Wewe mwenyewe umesema mtani alikuwa *nani* kabla ya kufanya lolote. Umenisaidia bila kujua.

Fundi_Sarufi
Haya. Umeniteka na kamba yangu mwenyewe. Nimekugongea kidole.

Mzee_wa_Reli
Vijana, marahaba. Mimi nimestaafu reli ya kati, nimeishi Tabora, Dodoma, Morogoro na Pugu, nikazika watu kote huko, na kote huko nimetaniwa. Niwaeleze ninavyojua mimi, neno mtanitafutia wenyewe.

Kabla ya reli kulikuwa na njia ya misafara. Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi wakubwa wa karne ya 19, wanatoka Unyanyembe, huko Tabora, na pembe za ndovu mabegani hadi Bagamoyo, safari ya miezi. Mnapita kwa Wagogo, kwa Wasagara, mnafika kwa Waluguru, Wakwere, Wazaramo. Sasa fikiri: mtu anaugua Ukwere, anafia kibarazani kwa mtu asiyemjua. Nani atamwosha? Nani atachimba? Ndugu zake wako mbali mwendo wa miezi miwili. Lazima pawepo mtu pale anayewajibika kwake bila kuwa ndugu wa damu. Huyo ndiye mtani. Na wa kwake akifia Unyanyembe, deni linalipwa huko.

Upande wa kusini ni vita. Wangoni walivuka Zambezi 1835 wakitokea kusini kabisa, wakaja kupigana na karibu kila waliyemkuta. Wamepigana na Wahehe kuanzia 1878 mpaka miaka ya mwanzo ya 1880, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Watu mkishindwa kumalizana mna njia mbili, mwendelee kuuana au mtafute namna ya kutukanana bila kuuana. Leo Mhehe akifiwa Songea, Mngoni anafika wa kwanza, na cha kwanza anachouliza ni kama mbwa wa mtaa wote wapo salama, maana Wahehe wanataniwa kwamba wanakula mbwa.

Kwa hiyo yule bibi wa Kisarawe hakuja kuchekesha. Nakuuliza mleta uzi: nani alichota maji ya kuoshea? Nani alishika majembe? Nani alikuwa jikoni usiku ule wa kwanza, wakati nyinyi mnalia?

Mwana_Kisarawe
Mzee wangu, shikamoo tena. Umenigusa pabaya. Wanawake wa Kinyamwezi walikuwa wawili jikoni tangu alfajiri. Yule bibi mwenyewe ndiye aliyepeta mchele. Nilimwona, ila sikuwa nimeunganisha.

Mzee_wa_Reli
Basi umeshajibiwa. Haki ya kusema inanunuliwa kwa kazi. Mtu aliyeosha maiti, aliyepika, aliyeshuka kaburini, huyo ukimwambia "funga mdomo" utamzikisha nani kesho? Mchekeshaji wa jukwaani mnamlipa ndipo aseme. Mtani amelipa kwanza ndipo akasema.

Pilipili_Hoho
Hapo kwenye amelipa kwanza ndipo akasema, mzee umefunga hesabu. Nimetulia.

Daftari_la_Zamani
Niongeze la vitabuni, maana napenda mambo haya. Miongoni mwa watu wa mwanzo kuandika kwa kina juu ya utani wa Tanganyika alikuwa R. E. Moreau, 1941 na tena 1944. Kazi yake hasa unajua ilikuwa nini? Ndege. Alikuwa mtaalamu wa ndege pale Amani, milima ya Usambara. Nadhani alikwenda kusikiliza kware porini akakuta binadamu wanapigiana kelele zaidi. Baadaye 1963 Christensen akaandika juu ya Waluguru, na 1966 Beidelman juu ya Wakaguru, wote wawili wakaweka neno *utani* lilivyo kwenye kichwa cha makala. Hawakulitafsiri. Kila tafsiri ingepungukiwa.

Na yule mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown mwaka 1940 aliweka maelezo ambayo mpaka leo yananikaa: kwamba ni uhusiano ambao mmoja anaruhusiwa na desturi, na pengine analazimishwa, kumtania mwenzake, na mwenzake naye analazimika asikasirike. Angalieni hilo la kulazimishwa. Mtani asipofika msibani, au akafika akakaa kimya kama mgeni wa heshima, kuna watu huku kwetu wanaona marehemu hakuzikwa vizuri.

Kuhusu asili ya neno nina hoja moja tu. Kitu chenyewe ni kikubwa kuliko neno. Wachewa wanacho, wanakiita *chisuwani*, kutokana na msuwani yaani binamu. Zambia wanacho, wanakiita *chimbuya*, kutokana na babu na bibi. Niger wanacho, hata UNESCO ikakiandika kwenye orodha yake ya turathi mwaka 2014. Kwa hiyo hata tukithibitisha kesho kwamba *watani* lilishuka na jahazi kutoka Omani, tutakuwa tumethibitisha jina tu. Misafara ilikwenda na Kiswahili, na Kiswahili kikaenda na jina, likabandikwa juu ya desturi ambazo kila kabila lilikuwa nazo.

Fundi_Sarufi
Na tazama wenzetu walilichota jina wapi: binamu, babu. Jina la jamaa! Chewa na Zambia wote wamechukua mtu wa nyumbani ambaye ruksa kumchezea wakalinyoosha mpaka kwa kabila zima. Hapo ndipo nazidi kumsogelea Mswahili wa Maskati, iwe kwa Kiarabu au kwa Kibantu: mtani lilianza likiwa na maana ya *wa kwetu*. Babu anamwita mjukuu wake "mke wangu", mjukuu anamjibu "wewe huna meno, sikutaki", na hakuna anayeita polisi.

Same_Mjini
Nasikia Wachaga hawana watani siku hizi kwa sababu mtani hulipwa kuku, na Mchaga kutoa kuku bure ni mpaka daktari athibitishe kifo.

Kibosho_Juu
Nilijua mtu wa Upareni atafika. Mpare ukimla kuku wake atauza ng'ombe aendeshe kesi. Akishinda kesi analipwa kuku. Anarudi nyumbani kifua mbele.

Same_Mjini
Kuku wa haki ni mtamu kaka.

Kibosho_Juu
😂😂 Mtani wangu, mama yako mgonjwa anaendeleaje?

Same_Mjini
Katoka hospitali Jumanne, anakusalimia. Kasema usije mikono mitupu kama Krismasi.

Mombasa_Raha
Hamjambo ndugu zetu wa Bara. Huku Kenya, Wamijikenda wanayo haya kwa koo. Kwa Wagiriama mtani wa ukoo ndiye anayeshughulika na maziko na ana ruhusa ya kuwasema wafiwa. Nairobi nako vijana wana *mchongoano*, lakini hicho ni kitu kingine. Neno linatoka kwa kuchongoa, kutia ncha. Mnasimama wawili, unamwambia mwenzako kwao ni maskini hata mende wameomba uhamisho, naye akujibu, watu wakicheka zaidi umeshinda. Ni mchezo wa ncha. Hakuna anayemzika mwenzake.

Mswahili_Maskati
Na Unguja kule kusini, Makunduchi, kuna Mwaka Kogwa kila Julai. Wanaume wanachapana kwa migomba na wanawake wanaimba nyimbo za kusemana, wanapita wakiimba yale ambayo mwaka mzima yalisemwa chini chini tu. Hapo ruhusa inatolewa na siku. Huko kwenu ruhusa inatolewa na kabila.

Jangwani_Damu
Wakuu mmewasahau watani wa jadi halisi, Yanga na Simba. Tarehe 5 Novemba 2023, Yanga tano, Simba moja. Nimemaliza.

Msimbazi_Mnyama
Na sisi tunawakumbusha 6 Mei 2012, tano bila. Na 1977, sita bila. Vitabu havifutiki.

Jangwani_Damu
1968, tano bila, mlikuwa bado mnaitwa Sunderland, jina la watu.

Pilipili_Hoho
Nilisema mwanzo kabisa watu wa mpira wasiguse.

Daftari_la_Zamani
Waache, ni ushahidi pia. Mmoja kaanzishwa 1935 mwingine 1936, karibu miaka tisini wanasemana, na mpaka leo gazeti likiandika "watani wa jadi" bila kutaja timu, nchi nzima inajua.

Dada_wa_Hesabu
Samahani niwaharibie raha. Mimi neno utani silipendi, na nitawaambia kwa nini. Nilifanya kazi mahali fulani, mkuu wangu wa kitengo kila asubuhi alikuwa ananiuliza mbele ya watu kama nimeoga, kwa sababu ya kabila langu. Nikinuna: "Aah, utani tu, mbona huna utani?" Mwingine ananishika kiuno ananiambia mimi shemeji yake, utani. Miaka miwili. Nimeondoka. Kila ninaposikia "mtani ana ruhusa" nauliza: nani kampa?

Ndizi_Mzuzu
Dada pole sana. Ila labda alikuwa anajaribu kukuchangamsha?

Mzee_wa_Reli
Ndizi, kaa chini.

Binti yangu, umeuliza swali la maana kuliko yote humu. Yule si mtani na hajawahi kuwa. Nitakupa kipimo tulichotumia sisi: je, unaweza kumrudishia palepale? Mtani akikuuliza kama umeoga, unamjibu kwamba kwenu maji yapo, ni kwao ndiko ng'ombe na watu wanatumia lambo moja, na wote mnacheka. Ungemjibu hivyo mkuu wako ungekula barua ya onyo. Basi haukuwa utani, lilikuwa tusi lililovaa koti la watu.

Na kipimo cha pili: ulipofiwa, alichimba?

Dada_wa_Hesabu
Nilifiwa na baba nikiwa pale pale. Alituma mtu aniulize nitarudi lini.

Mzee_wa_Reli
Umejijibu.

Kalamu_Nyekundu
Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Pole dada.

Ndizi_Mzuzu
Dada niwie radhi. Nimeongea bila kufikiri.

Fundi_Sarufi
Hiki kipimo cha kurudishiana kinanifanya nijibu swali la kijana wa mleta uzi vizuri zaidi. Kiswahili kina maneno mengi ya mtu anayesema jamii kwa kucheka: mcheshi, mchekeshaji, mkejeli, mpiga vijembe. Yote hayo, ukiyaangalia, yametoka kwenye kitendo. Anacheka, anachekesha, anakejeli, anarusha kijembe. Yanaweza kusimama peke yake. "Yule ni mchekeshaji," sentensi imekamilika. Lakini "yule ni mtani" haijakamilika, lazima nikuulize: wa nani? Mtani ni kama shemeji au binamu, hakai bila mwenzake. Mtu hawezi kuamka asubuhi akaamua kuwa mtani.

Pilipili_Hoho
Sasa wachora vibonzo je? Tangu aliyemchora Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru mpaka Masoud na Kipanya wake, hawa wanausema utawala na jamii kila siku. Nao ni watani wa nani?

Daftari_la_Zamani
Swali zuri. Wanafanya kazi ya mtani bila kinga ya mtani. Chakubanga alichorwa kama mtu wa kawaida na ujanja wake, uvivu wake, ulevi wake, msomaji anajiona. Alikubalika kwa sababu alionekana ni wa mtaani kwetu. Kipanya naye, kwa nini panya? Panya anaishi ndani ya nyumba yako, anajua kabatini kuna nini. Huyo hasemi akiwa nje ya dirisha. Nadhani mchoraji mzuri anajitahidi kujipatia utani na nchi nzima, na nchi nzima siku nyingine inakubali, siku nyingine inanuna. Mtani wa kweli hanuniwi.

Kibosho_Juu
Ananuniwa, ila kimoyomoyo.

Mwana_Kisarawe
Wakuu nimerudi, na kuna mrejesho.

Kwanza kiwanja. Siku ya tatu, baada ya kuanua tanga, kaka mkubwa aliita kikao cha ukoo. Miaka minne hoja hii ilikuwa haiingii mlangoni. Safari hii ilikuwa imeshaingia, imekaa, inakunywa chai. Shangazi alisema, "Mnyamwezi kalisoma kwenye daftari mbele ya watu mia tatu, mnaficha nini tena?" Tumekubaliana yule mnunuzi wa pili arudishiwe hela yake kwa awamu mbili, ya kwanza ikitoka kwenye mauzo ya korosho. Nimekwenda mwenyewe kumwambia. Alinitazama muda mrefu, akaniuliza kama na mimi natania.

Lile daftari nililiomba nilione. Lilikuwa tupu. La mjukuu wake, darasa la kwanza, lina a e i o u ukurasa wa kwanza basi.

Kijana wangu nimemsomea uzi wote. Amekubaliana na hoja ya "wa nani", ila anasema ya Maskati ndiyo anayoipenda kwa sababu ina jahazi. Nimemwacha.

La pili ndilo limenirudisha haraka. Jana usiku yule bibi kanipigia. Kaka yake kafariki Urambo. Akasema kwa sauti ya chini: "Mtani, zamu yenu." Akakata. Sisi huku tumejikuta hatuna wazee wa kazi hiyo, waliobaki magoti yamekataa, na kikao kimeniangukia mimi. Tunaondoka watano na basi la alfajiri, wanawake wawili wa jikoni, vijana wawili wa majembe, na mimi. Wameshaniambia koti la marehemu litakuwa limetundikwa nyuma ya mlango.

Tatizo langu ni hili, Mzee wa Reli nisaidie. Nimepiga simu Urambo kuuliza habari za marehemu ili nipate la kusema. Kila ninayemuuliza ananiambia alikuwa mtu mwema. Hakuwa na deni, hakuwa mlevi, alisomesha watoto wa kaka zake, hata mke hajawahi kumgombeza hadharani. Nitaanzia wapi?

Mzee_wa_Reli
Anzia hapo hapo. Vaa koti, kaa kaburini, walalamikie kwamba mmetoka Uzaramo kutwa nzima mko njiani, na mtu wao hakuwaachia hata dhambi moja ya kusemea. Dai faini.

Same_Mjini
Dai ng'ombe. Kesi nitaisimamia mimi.

Mwana_Kisarawe
😂 Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nikirudi nitaleta mrejesho.